Kisahani cha Konstebo

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Pelham,
Hexbourne.
23 Februari 2026

Kwa Mtayarishaji wa "Lidgate Kijana",
Idara ya Tamthilia,
Kituo cha Televisheni.

Mheshimiwa Mtayarishaji,

YAH: KISAHANI KILICHOONEKANA DAKIKA YA THELATHINI NA SABA, PAMOJA NA MAKOSA MENGINE

Natumaini barua hii imekukuta mzima, umeketi, na huna kitu cha moto mkononi. Sisi hapa hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto na hasira niliyonayo tangu tarehe 15 mwezi huu.

Naitwa Bi. Enid Puddephat. Nina miaka themanini na akili zangu zote. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1974 nilikuwa mhudumu wa chai katika kituo cha polisi cha Hexbourne, yaani mji huuhuu ambao kila Jumapili saa mbili usiku mnatuonyesha mkisema ni "Hexbourne ya mwaka 1965". Nasema nilikuwa mhudumu wa chai, si mmoja wa wahudumu. Hapakuwa na mwingine. Ninyi mmemweka Doreen, msichana mwenye nywele zilizotuna na kope za bandia, na sasa mtaa mzima ukinisalimia unaniangalia kope.

Nikiri kwanza kwamba tulikuwa watu wenu. Ile tamthilia ya zamani ya Inspekta Lidgate, ya yule mzee mpenda kwaya asiyejua kuegesha gari, tuliitazama miaka kumi na miwili bila kukosa. Mliposema mtaonyesha ujana wake, mume wangu Wilf alinunua kiti kipya. Kiti bado kipo, lakini hamu ya kukikalia imekwisha.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 18 Aprili mimi na Wilf tunasherehekea miaka sitini ya ndoa katika ukumbi wa kanisa, na wamealikwa watu themanini. Kila Krismasi, kila harusi, na mara mbili msibani, Wilf amesimama akasimulia jinsi tulivyokutana, watu wakacheka mpaka machozi. Siku hiyo ndiyo ilikuwa asimulie kuliko siku zote. Kwa sababu ya sehemu yenu ya nne, amesema hasimulii ng'o. Nitaeleza kwa nini. Lakini nimelelewa kufuata utaratibu, kwa hiyo nitaanza na makosa madogo, ili nikifika kwenye lile kubwa uwe umeshaona haya kidogo.

1. Chai. Katika sehemu ya kwanza Doreen anatumbukiza kifuko cha majani ya chai ndani ya kikombe na kukiminya kwa kijiko. Mwaka 1965! Kituoni kwetu majani yalikaa kwenye kopo kubwa lenye mfuniko, yakapimwa kwa kijiko, yakamwagiwa maji yanayotokota ndani ya birika, yakaachwa dakika nne, na mtu asithubutu kuligusa. Siku hizi watu wanywe watakacho, kila mtu na dhambi zake. Ila Wilf alipoona kile kifuko alisema, "Hao wanakunywa maji ya kufulia soksi." Na Wilf ni mtu wa kuaminika katika mambo ya chai. Utotoni mwake vita vilikuwa vimekula sukari yote ya nchi, hakuizoea, na mpaka leo hanywi chai yenye sukari hata chembe. Ulimi wa namna hiyo huwezi kuupiga chenga.

2. Toroli. Toroli lenu halina sauti. Langu lilikuwa na gurudumu bovu la mbele kulia, likipiga kelele kuanzia ngazi za mahabusu mpaka mlango wa Mrakibu, na ndiyo maana katika miaka kumi na miwili sikumkuta hata askari mmoja amelala. Mara tatu niliahidiwa grisi, na mara tatu askari walikula njama isifike. Doreen wenu anaingia kimyakimya na kutega sikio kwenye siri za kesi. Kwa lile gurudumu mimi nisingesikia siri hata wangenipigia kelele. Waambieni majirani zangu hivyo, maana wameanza kushusha sauti nikipita.

3. Vifo. Nimehesabu pamoja na Beryl, mdogo wangu, ambaye nitamrudia. Katika sehemu nne tulizotazama mmeua watu kumi na tisa, wakiwemo wapiga kinanda watatu wa kanisa. Hexbourne ilikuwa na mpiga kinanda mmoja tu, Bwana Tapscott, naye aliishi hadi 1983 akilalamikia baridi. Mwaka mzima wa 1965 kesi yetu kubwa ilikuwa wizi wa kengele ya shule, na kengele ikapatikana nyumbani kwa mwalimu mkuu, ambaye alisema ameichoka. Hiyo ndiyo kazi ya upelelezi iliyokuwepo, na hata hiyo haikuwa rahisi kuipata. Wilf alifanya mtihani wa upelelezi mara mbili, na mara mbili akaanguka. Walimwandikia kwamba hana jicho la kuona vitu vidogo. Akabaki konstebo, akaongoza magari darajani miaka ishirini na minane, na hakuna aliyekufa zamu yake isipokuwa bata.

4. Yai. Katika tamthilia ya zamani, mbele ya maiti ya mwenye baa, mzee Lidgate alitamka waziwazi: "Sijawahi kula yai la siki maishani mwangu." Nakumbuka kwa sababu Wilf alijibu, "Anakosa mengi." Sasa huyu Lidgate kijana, katika sehemu ya pili, yuko kwenye baa ileile anabugia mayai mawili yaliyolowekwa kwenye siki. Ama kijana si yeye, ama mzee alisema uongo mbele ya marehemu. Naomba hili lijibiwe kwenye karatasi yake peke yake.

5. Vyombo. Hapa naomba usome polepole. Kituoni vyombo vilikuwa na vyeo sawasawa na watu. Mrakibu na Inspekta: kikombe cha kaure chenye mstari wa buluu, kisahani chake, na biskuti mbili. Sajini: kikombe cha kaure bila kisahani, biskuti moja. Konstebo: kopo la bati, na biskuti aisikie harufu. Sheria hii haikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuifuta. Sajini mmoja alipopandishwa kuwa Inspekta hakuiamini barua ya makao makuu mpaka aliposhika kisahani. Nilimwona akigeukia ukutani kufuta macho.

Inspekta wetu wa kweli, marehemu Aubrey Thirkettle, alitaka vijiko vinne vya sukari, tabia aliyotoka nayo jeshini. Nilivitia mwenyewe kwa mkono wangu, sukari kwanza, kisha chai juu yake, nikakoroga mara kumi na mbili, na katika miaka yote ile sikusahau hata siku moja. Nasema haya ili ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani.

6. Sasa lile kubwa. Sehemu ya nne, dakika ya thelathini na saba. Konstebo kijana anaingia ameloa chapachapa. Doreen anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anachukua kikombe cha mstari wa buluu, anakiweka juu ya kisahani, anapanga biskuti mbili, anampa. Kwa makusudi! Kisha anamkonyeza. Kisha zinalia fidla. Mheshimiwa, nilifanya kazi pale miaka kumi na miwili na sikusikia fidla hata moja.

Nitakueleza kilichotokea kweli, maana inaonekana mmekisikia mahali mkakipindua. Alhamisi, tarehe 18 Novemba 1965, nilikuwa nimeshamimina chai ya Inspekta Thirkettle alipoitwa mbio kwenda posta, ambako ng'ombe alikuwa ameingia na hataki kutoka. Kikombe chake kikabaki juu ya toroli. Konstebo Wilfred Puddephat akaingia kutoka darajani, maji yanamchuruzika puani. Mkono wangu ukakosea, ukachukua kikombe kilichokuwa karibu. Basi. Kosa la mkono. Sajini akaangusha kalamu. Wilf akanywa yote amesimama wima. Akaenda akakiosha kile kisahani mwenyewe, akanirudishia, akaniuliza kama Jumamosi naweza kwenda sinema. Hicho ndicho kisa anachokisimulia kila mwaka: kwamba bahati ilimwangukia kwa kosa la mkono wa mtu, naye akawa mwepesi wa kuidaka.

Jumapili ile fidla zilipoanza, Wilf alipunguza sauti ya televisheni. Akasema, "Enid, kile chetu kilikuwa kosa kweli?"

Nikamwambia, "We mzee, miaka sitini, leo ndiyo unauliza?"

Akasema, "Leo ndiyo nimeonyeshwa vingine."

Nikamwambia ndiyo, kosa, kosa tupu, anyamaze tutazame. Akanyamaza. Amenyamaza mpaka leo. Si kununa, la. Anakula, ananisalimia, anafunga milango usiku. Lakini kamati ya sherehe ilipokuja na orodha ya wasemaji aliwaambia, "Mimi siwezi kusimulia kisa nisichokijua," akatoka kwenda kumwagilia vitunguu maji, na nje mvua inanyesha.

Inaniuma, nasema wazi. Ninyi vijana mnadhani ni kisahani tu. Mwaka 1965 msichana aliyempa mwanamume kisahani kwa makusudi angesemwa kwenye maduka matatu ya mikate kabla ya saa sita mchana, na mama yangu angenifungia chooni mpaka Pasaka. Lakini hilo limepita, mama amepumzika, na maduka mawili sasa yanauza simu. Linalonikosesha raha ni Wilf. Miaka yote hii ameamini kwamba yeye ndiye aliyeona nafasi, yeye ndiye aliyenifuata, yeye ndiye aliyenipata. Mtu aliyeanguka mtihani mara mbili anahitaji ushindi mmoja maishani, na ushindi wa Wilf ni mimi. Halafu aje Doreen na kope zake amnyang'anye, mbele ya nchi nzima, kwa fidla!

7. Chanzo chenu. Mwishoni mwa sehemu ya nne, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, mmeandika: "Shukrani kwa Bi. Beryl Stallybrass wa Hexbourne kwa kumbukumbu zake." Huyo ndiye mdogo wangu niliyesema nitamrudia. Beryl hakuwahi kukanyaga kituo cha polisi. Mwaka 1965 alikuwa na miaka kumi na saba, akiuza glavu. Yule binti yenu aliyekuja ukumbi wa kanisa na kinasa sauti kukusanya kumbukumbu alimpa Beryl keki nne, na Beryl kwa keki nne atakusimulia hata vita vya Warumi kama aliyekuwepo. Nimemwuliza alisema nini. Akanijibu, "Dada, mimi nilisema tu ulichoniambia wewe tukiwa kitandani." Sasa msichana wa miaka kumi na saba, amefunika kichwa kwa blanketi, anacheka, anasikia nini cha kuaminika? Huo si ushahidi. Wilf mwenyewe alikuwepo wakati Beryl anasema hivyo, akajitia hamnazo, akaendelea kumenya viazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo, na sidhani ni makubwa:

(a) Sehemu ya nne irudiwe. Doreen avishwe miwani minene, ajikwae kwenye zulia, na akimpa yule konstebo kikombe aseme kwa sauti, "Loo, nimekosea." Kukonyeza kuondolewe. Fidla zifungwe kwenye mikoba yake.

(b) Kituo chako kitoe tamko rasmi, lenye muhuri, kwamba katika historia yote ya Uingereza hakuna mhudumu wa chai aliyewahi kumpa konstebo kisahani kwa kujua. Tamko linifikie kabla ya tarehe 18 Aprili, nilisome ukumbini kabla ya keki kukatwa.

(c) Kama (b) haiwezekani, basi muueni Doreen. Wapiga kinanda watatu hamkuwaonea huruma, mmoja zaidi atawashinda nini? Ningependekeza ng'ombe wa posta.

(d) Jina la Beryl lifutwe. Hajazoea kushukuriwa na limempanda kichwani. Juzi amekataa kuosha vyombo.

Ombi hili lisipotekelezwa nitaandika kwa Waziri, kisha kwa Askofu, na mwisho nitakuja mwenyewe kwa basi, pamoja na toroli. Bado ninalo. Gurudumu halijatengenezwa.

Nisalimie yule kijana anayeigiza Lidgate, mwambie avae skafu, kifua chake kinaonekana dhaifu. Msalimie mtu wa magari, magari ni sahihi, Wilf ameyakubali yote. Wasalimie wapiga fidla, siwalaumu, wametumwa. Wasalimie wote wanaonikumbuka na wasionikumbuka hapo ofisini, na yeyote anayewatengenezea chai, huyo hasa.

Ni mimi niliyekuwepo,

Enid Puddephat (Bi.)

Nyongeza. Bahasha nilikuwa bado sijaifunga. Wilf husoma barua zangu zote kabla hazijatiwa stempu, tabia iliyombakia ya kuandika ripoti. Aliichukua akaenda nayo jikoni, akakaa huko muda mrefu, akarudi na penseli sikioni. Alikuwa amepiga mstari mahali pawili. Pa kwanza: "nilikuwa nimeshamimina chai ya Inspekta Thirkettle". Pa pili: "sikusahau hata siku moja".

Akasema, "Bibie, chai niliyokunywa siku ile haikuwa na sukari hata chembe."

Nikasema labda siku hiyo nilisahau.

Akasema, "Umeandika hukusahau. Umetia na sahihi."

Jamani. Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema, "Tangu funda la kwanza. Inspekta chai yake ilikuwa uji. Ile ulinipikia mimi."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, miaka sitini, akawa anasimulia mbele za watu kwamba ni kosa. Akasema, "Ningesema siku ile ungeona haya, na sinema usingekuja. Halafu nikawa nangoja useme mwenyewe. Juzi zile fidla zilipolia nikajua sasa utasema. Ukasema kosa tupu." Kumbe ndicho kilichomnyamazisha. Nikalia kidogo, naye akaniazima leso, ile ya kufutia miwani.

Kwa hiyo Mheshimiwa, malalamiko namba 6 na 7 nayafuta, pamoja na maombi yote kuanzia (a) hadi (d). Kisahani kibaki. Doreen aishi. Beryl ashukuriwe, ila vyombo ataosha. Fidla Wilf anasema zingeweza kuwa na sauti zaidi. Tarehe 18 Aprili atasimama ukumbini kusimulia kesi pekee aliyowahi kuipeleleza mpaka ikaisha, na wale waliomsahihishia mtihani, kama wapo walio hai, wanakaribishwa. Ninyi pia mnakaribishwa, njooni na biskuti. Anadai vilevile kwamba nilimkonyeza. Hilo nalikataa mpaka kaburini.

Vifuko vya chai naona navyo tuviache. Nimekumbuka kwamba sisi wenyewe tunavitumia tangu mwaka 1981.

Ninavyoandika hapa ameniletea chai. Imo kwenye kikombe na kisahani, biskuti mbili, nusu kijiko cha sukari kama ninavyopenda. Nimemwambia hiki ni kikombe cha wageni. Anasema mkono umekosea.

E. P.